Walinzi wa Ngozi

Mteja aliinuka, nusu ya kichwa ikiwa imesukwa, nusu ikiwa timutimu, akasema amekumbuka ana mgeni nyumbani. Macho yake yalikuwa yameganda kwenye mikono ya msusi, iliyotapakaa mabaka mekundu yenye magamba meupe.

Dada wa msusi huyo, mwenye saluni, alingoja mlango ufungwe.

"Mdogo wangu, kwa sasa kaa kule nyuma. Fua taulo mpaka upone."

"Nipone? Ngozi hii umekua nayo chumba kimoja, leo ndiyo imekuwa ngeni?"

"Wateja ndio wanaotulisha."

Msusi alivua aproni, akaitupa kwenye beseni la maji ya sabuni, akatoka bila kuaga.

Kwa daktari wa ngozi alifika amefura. Sindano alizoanza mwaka uliopita zilikuwa zimemtakasa hata akathubutu kuvaa nguo za mikono mifupi. Sasa mabaka yalikuwa yamerudi kwa fujo.

"Dawa yenu ya uongo," alisema kabla hajaketi.

Daktari, mwanamke mpole wa sauti, hakujitetea. Alimweleza kwamba damuni mna chembe saidizi, ambazo huziamrisha chembe nyingine za kinga zipigane. Hazizaliwi na ujuzi. Kila moja husomea kazi yake kwa kufuata ishara inazopokea. Zake zilisomea kuilinda ngozi dhidi ya vijidudu, kisha zikaendelea kupigana hata pasipokuwa na adui.

"Dawa iliziba njia moja ya kupashana habari. Huenda zimepata nyingine. Hata zile chembe nyingine, za kutuliza ugomvi, zikikaa sana penye moto, baadhi hugeuka zikawa gomvi."

"Kwa hiyo zinanilinda?"

"Zinadhani hivyo."

Msusi alicheka kicheko kikavu. Tangu usichana alijisugua kwa dodoki mpaka damu, akiamini ni uchafu wake, kosa lake. Kumbe alikuwa akiadhibiwa na walinzi wake mwenyewe.

"Nani aliyezituma?"

"Sijui. Hakuna anayejua vizuri. Tutajaribu dawa nyingine, lakini siahidi."

"Afadhali. Ahadi zimenichosha."

Kesho yake aliingia saluni amevaa blauzi ya mikono mifupi, akasimama nyuma ya kiti cha mbele kabisa. Dada yake alifungua kinywa.

"Dada, nakuheshimu. Lakini taulo sifui. Anayetaka kuondoka, aondoke akinitazama usoni."

Dada akajishughulisha na kupanga mafuta rafuni.

Mama mmoja mnene aliingia, akaiona mikono ile, akasita.

"Hiyo inaambukiza?"

"Haiambukizi. Ni vita vyangu mimi na mwili wangu."

Mama aliukumbatia mkoba wake, akafikiri. Kisha akajishusha kitini taratibu.

"Basi usinivute sana. Kichwa changu chepesi kuuma."

Msusi alishika kitana. Vidole vyake vilikuwa bado vimejaa hasira. Ilimbidi avisubiri vilegee kabla hajazigusa nywele.