Wito wa Meja Ngandu

Siku Tshiala alipomwambia mumewe kwamba anataka kusoma uandishi wa habari, Yav alikuwa akila bukari, ule ugali wa kwao. Aliendelea kumega na kuchovya mpaka sahani ikabaki tupu, akanawa mikono, ndipo akauliza kama hakuna masomo mengine. Ualimu, kwa mfano. Au uuguzi, maana hakuna kambi ya jeshi isiyohitaji wauguzi.

Sajenti Yav hakuwa mume mkali. Ila miaka mingi ya jeshi ilikuwa imemfundisha kwamba anayejulikana sana ndiye anayehamishwa kwanza. Pale kambini Kamina, familia zilizotoka pande zote za Kongo zinaishi ukuta kwa ukuta, na neno linalotoka mlango huu asubuhi, adhuhuri limeshafika kwenye meza ya mkubwa. Yeye Mlunda, mkewe Mluba wa Kananga, walikuwa wamekwisha kufunga na kufungua mizigo katika kambi nyingi. Yav alitaka kufika siku ya kustaafu bila mtu wa juu kulikariri jina lake.

Tshiala hakubishana naye. Alingoja mtoto wao Gamaliel aanze shule, akauliza tena. Alipouliza mara ya tatu, Yav aliinua mabega.

“Enda,” akasema. “Lakini hapana kusema juu ya jeshi.”

Chuo kikuu kilikuwa mjini, na lori la kambi lilikuwa likienda huko kila asubuhi. Tshiala alifanya mtihani wa kuandika Kifaransa kwa shida, kwa kuwa tangu apate diploma ya sekondari alikuwa hajaandika kitu kirefu kuliko ujumbe wa simu. Mtihani wa kusema ulimtia hofu kidogo tu. Kila Jumapili ndiye aliyesoma matangazo katika kanisa la kambi, na sauti yake ilikuwa imezoea watu wanaokohoa na watoto wanaolia. Aliwekwa mbele ya walimu watatu, akasoma habari ya daraja lililofungwa upande wa Kabongo. Ulimi wake wa Kasai, mkoa wa kwao, ulijitokeza hapa na pale, wala hakujaribu kuuficha. Kisha mwalimu mmoja akamuuliza kwa nini mama wa nyumba, mwenye umri wake, ametaka kazi hii.

Tshiala alijibu kwamba kambini anasikia habari kuanzia kukicha mpaka kuchwa, na karibu zote si za kweli. Alitaka kujifunza namna ya kujua ipi ni ya kweli.

Walimchukua.

Mwalimu aliyemfuatilia zaidi mwaka ule aliitwa Déborah, binti wa familia ya wafanyakazi wa reli pale Kamina, mdogo kuliko Tshiala kwa umri. Alikuwa amefanya kazi redioni kabla ya kufundisha, na alikuwa na tabia ya kumkatiza mwanafunzi katikati ya sentensi na kumuuliza: nani alikuambia? Katikati ya mwaka aliwapa kazi kila mmoja atengeneze habari fupi ya mahali anapoishi. Zile nzuri zingepitishwa katika redio moja ya mjini.

Tshiala hakuhitaji kutafuta. Bomba la safu za chini za nyumba kambini lilikuwa limekauka tangu mwanzo wa kiangazi, na akina mama walikuwa wakiteremka mpaka kijitoni na kupanda na ndoo kichwani. Alijiambia kwamba maji si jeshi. Alichukua simu yake, akakaa na wenzake kando ya bomba lililokufa, akarekodi. Jirani yake Francine, ambaye hakuna siku alikosa neno, alisema akicheka, kwa niaba ya wake wa askari wote: “Tuko babibi ya basoda, lakini vita yetu sisi iko ku bomba.”

Kwa Yav, Tshiala hakusema kitu. Alifanya mazoezi ya kusoma jikoni, sauti chini, moto ukiwaka.

Habari ilipita redioni Jumamosi mchana. Maneno ya Francine yaliposikika, safu nzima ilipiga vigelegele, na mtu mmoja akatoa redio nje na kuiweka juu ya kiti kama mgeni wa heshima. Yav alikuwa zamu. Aliporudi alikula, akalala, hakutaja lolote.

Jumatatu alikuja askari kutoka ofisini. Alisimama mlangoni bila kuingia, akasema kwamba Meja Ngandu, mkuu wa kambi ya familia, anamtaka Sajenti Yav Jumatano asubuhi, pamoja na mke wake. Tshiala alimuuliza sababu. Askari alisema yeye ametumwa tu, hakuelezwa.

Kufikia jioni kambi nzima ilikuwa na sababu yake. Wengine walisema Yav atapelekwa upande wa Malemba-Nkulu, kupigana na wanamgambo, na mke atarudishwa kwao. Wengine walisema nyumba yao imeshapewa mtu mwingine. Majirani waliokuwa wakipita kuomba chumvi sasa walipita upande wa pili. Francine peke yake alikuja, kwa haraka, akauliza kama jina lake lilitajwa redioni au sauti tu. Tshiala alimwambia ni sauti tu. Francine alishusha pumzi, kisha akaona haya kwa kushusha pumzi, akaondoka bila kuaga.

Siku iliyofuata Tshiala alimtafuta Déborah, akamwambia kwamba anaacha masomo. Alieleza yote. Déborah alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama kuna neno moja katika ile habari ambalo si kweli. Tshiala akasema hakuna. Déborah akauliza tena kama alimwendea mhusika wa maji kambini kumsikiliza na yeye. Tshiala akainamisha kichwa, akasema hapana, aliogopa.

Déborah hakumkaripia. Alisema hilo ndilo pengo pekee aliloliona, na ndiyo maana alimpa alama ya katikati.

“Masomo, usiyaache kabla bakuambie uache,” akaongeza. “Sikiliza kwanza huyo mukubwa anasema nini.”

Jumatano, jua halijatoka vizuri, Tshiala alimkuta mumewe ameketi kizingitini akipaka buti zake rangi. Tangu Jumatatu walikuwa wamezungumza mambo ya mtoto na ya chakula tu. Tshiala alisimama nyuma yake bila kujua aanze wapi. Yav ndiye aliyeanza, bila kugeuka, akijitwika mzigo yeye mwenyewe.

“Minyi njo nilikupa ruhusa ya kusoma. Akiuliza, nitajibu minyi. Weye utanyamaza.”

“Lakini weye haukujua kitu, Papa Gamaliel. Nilikuficha.”

“Nilijua. Nilikusikia mu jikoni unasoma peke yako. Nilijua iko juu ya bomba.”

“Na haukunikataza. Juu ya sababu gani?”

Yav aliinua buti, akaitazama, akaipangusa tena mahali palipokuwa pameshang’aa.

“Sababu maji kweli hakuna,” akasema.

Tshiala aliingia ndani haraka, akajifanya anatafuta kitambaa cha kichwa. Alikuwa tayari kwa hasira, na tayari kwa ule ukimya. Kwa jambo hili hakuwa tayari.

Ofisi ya Meja Ngandu ilikuwa chumba chenye dirisha moja na meza kubwa kuliko mahitaji yake. Meja alikuwa mtu mrefu, mvi zimemjaa, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Alimwamuru askari wa mlangoni aende mbali, mpaka kule kwenye bendera, kisha akafunga mlango mwenyewe. Tshiala aliutazama mkono wake ukizungusha ufunguo.

Yav hakungoja. Alisimama wima, macho ukutani.

“Komanda, kosa iko yangu.”

“Kosa gani?” Meja akauliza.

Meja alimtazama Yav, akamtazama Tshiala, kisha akaishusha miwani puani kana kwamba wageni wake walihitaji kusomwa.

“Ngojeni kwanza,” akasema polepole. “Mulifikiri niliita ninyi juu ya ile habari ya maji?”

Meja akaketi. Sauti yake ikashuka, akaanza kueleza mambo ambayo, kwa jinsi alivyokuwa akiutazama mlango, ilionekana hajamweleza mtu mwingine. Alizaliwa Luena, baba yake alikuwa mtu wa reli. Utotoni alikuwa akitangaza mechi za mtaani akiwa juu ya rundo la mataruma ya zamani, mdomo ndani ya kopo, na watu walikuwa wanakuja kumsikiliza yeye kuliko kutazama mpira. Alitaka kazi ya redio. Baba yake akamtia jeshini. Sasa mwaka unaokuja anastaafu, watoto wamekua, na kila anapofikiria kukaa barazani siku nzima roho inamuuma. Jumamosi alikuwa nyumbani akisikia redio, ikapita sauti ya mama wa kambi yake mwenyewe, na akaambiwa mama huyo ni mwanafunzi. Akajiuliza: kama yeye ameweza kurudi darasani, mimi je?

“Ule mutihani ya kusema na mudomo,” akamalizia, “banaulizaka nini?”

Tshiala aliketi kwenye kiti bila kuambiwa aketi. Alijizuia kucheka, kwa sababu mzee yule alikuwa akingoja jibu kwa uso wa mtu anayeogopa kuchekwa. Akamwelezea. Akamwambia juu ya habari ya kusoma kwa sauti, juu ya maswali ya mambo ya nchi, juu ya imla ya Kifaransa inayowaangusha wengi. Meja aliuliza kama vijana watamcheka. Tshiala alisema watamcheka wiki ya kwanza, kisha watamwomba awasaidie historia. Muda wote huo Yav alibaki amesimama wima, hakuna aliyekumbuka kumwambia alegee.

Walipoinuka kuondoka, Tshiala alifika mlangoni, akageuka.

“Komanda, naomba kuuliza kintu kimoja. Juu ya maji.”

Yav alifumba macho. Meja akatingisha kichwa kukubali.

“Hiyo njo ilinibakia mu roho,” akasema. “Ulisema juu yetu bila kutuuliza. Uliza sasa.”

Tshiala aliiweka simu juu ya meza, akamwonyesha kwamba inarekodi. Meja alieleza kwamba mota ya pampu imeungua na kipuri kimeagizwa Lubumbashi, bado kinangoja treni. Tshiala akauliza: mpaka kifike, akina mama wafanye nini? Meja alikuna kidevu. Alisema lori la tangi linaweza kupita safu za chini. Lini? Akafikiri tena, akasema Ijumaa. Tshiala akauliza kama anaweza kuyatangaza hayo yote, pamoja na siku. Meja akaitazama simu, kisha akamtazama mwanamke aliyekuwa akimwogopa muda mfupi uliopita.

“Tangaza,” akasema.

Nje, Yav alitembea mpaka walipopita kona, mahali ambapo ofisi haikuonekana tena. Hapo akaketi juu ya ukingo wa mfereji, na buti zake zile zinazong’aa, akapumua kama mtu aliyetua gunia. Baadaye akaanza kucheka, bila sauti, mabega tu yakitikisika. Akasema ana njaa. Tshiala naye alikumbuka kwamba walikuwa hawajala tangu jana yake. Walinunua mandazi ya moto kwa mama wa njiani, wakala wamesimama, wakiunguza vidole, mbele ya majirani waliokuwa wakichungulia ili kuona kama watu hawa wanalia.

Lori la tangi lilikuja Jumamosi badala ya Ijumaa, na Tshiala alilitangaza hivyo hivyo.

Meja Ngandu alivua sare mwaka uliofuata. Imla ya kuingia chuoni ilimwangusha mara ya kwanza; akarudi katika mtihani wa marudio, akapita. Alikaa mstari wa mbele akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi kwa mistari. Siku Déborah alipomkatiza katikati ya sentensi na kumuuliza ni nani alimwambia hayo, aliruka na kusimama, mikono imenyooka ubavuni.

“Ndiyo, komanda,” akajibu.

Darasa lote likacheka, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.