Pale Alipoimba Kurumbiza

Ayala watatu walimfuata Gloriose nyuma nyuma hadi penye mti wake wa sala, wakinusa mfuko wa majani ya kabichi. Aliwagawia, akatandika kitenge, akapiga magoti. Halafu akatega sikio. Kimya. Alijua yule ndege, kurumbiza, haimbi tena hapa, lakini sikio halikubali kushindwa.

Zamani pori hili lilikuwa zito. Yeye na mumewe Ildephonse, Warundi wawili wageni waliopanga chumba mtaa wa Greyville, mbali kusini mwa bara, walikuja kila Jumamosi asubuhi, kwa kuwa tajiri mmoja wa kitongoji cha Westville aliwaruhusu watu wa kanisa lao kusali katika shamba lake. Walipenya vichakani wakiinama, miiba ikiwashika nguo. Kurumbiza alijenga kiota humo humo, chini, usawa wa magoti. Akianza kuimba, Ildephonse alikatiza sala, hata ile ya kuombea karatasi zao za ukimbizi.

"Tumwachie amalize," alikuwa akisema. "Sisi tumemkuta hapa."

Gloriose alimpenda mwanamume yule kwa mambo madogo kama hayo.

Mwaka 2010 tajiri akaleta ayala, wanyama wa Ulaya wanaofanana na swala, wapendezeshe shamba. Waumini walitokwa na machozi. Mnyama wa zaburi, waliyemwimba kanisani tangu utotoni bila kumwona, leo anatembea mbele yao! Wakamhesabu kuwa baraka. Ildephonse akaanza kuwaletea kabichi kutoka kibanda chake cha mboga. Alipofariki mwaka uliofuata, mjane wake hakuacha. Akiwalisha, aliona kama msiba umepungua kidogo.

Sasa, miaka mitatu baadaye, chini ya miti palikuwa peupe kama ua uliofagiwa.

Jeancy, Mkongo aliyelinda shamba, akatokea na bunda la waya begani. Nguzo alikuwa ameshazichimbia.

"Mama Gloriose, boss amekubali tufunge hapa na waya, ayala isiingie. Majani ikirudi, labda na ndege itarudi."

"Kumbe ni hawa waliomfukuza?"

"Ni bao ayala, mama. Banakula yote ya chini. Ndege itajenga wapi?"

Gloriose aliwatazama ayala wake. Alitaka kuwachukia, akashindwa. Aliyemuuma zaidi ni yeye mwenyewe, na mfuko wake uliowazoesha kumfuata hapa.

"Usiogope," Jeancy akasema. "Nitakuwekea mlango kidogo. Utaingia kusali, sharp, hakuna shida."

Moyo ukamruka kwa furaha. Angebaki na mti, na mahali magoti ya Ildephonse yalipozoea kukaa. Hakuwa na kaburi la kwenda; mwili ulirudishwa Burundi, naye hakuweza kuusindikiza. Hapa ndipo alipokuwa naye.

Pua yenye unyevu ikamgusa kiganja. Alipogeuka, wote watatu walikuwa wamesimama nyuma yake, wakingoja kuona ataenda wapi.

"Usiweke mlango," akasema.

"Mama, na pahali pa baba?"

"Nikiingia mimi, wataingia hawa. Funga kote."

Alisema huku machozi yakimtoka, wala hakuyaficha. Akakunja kitenge, akapita nje ya nguzo, akashika waya kwa mikono miwili ili Jeancy apate kuukaza.