Nafasi ya Pembeni

Makaburi nayo yana tumbo. Mishahara ya wachimbaji, mafuta ya mashine ya nyasi, ukuta unaobomoka kila masika, yote hulipwa na marehemu. Kaburi hukodishwa miaka kumi. Ndugu wasipotokea kulipia tena, mifupa huhamishiwa shimo la pamoja nyuma ya bohari na nafasi huuzwa upya. Karani ndiye huandika orodha za wanaohamishwa, na alishazizoea. Zamani alikuwa akijifungia chooni kulia. Siku hizi anaandika huku anakunywa chai.

Lakini mwaka jana wakata nyasi waling'oa vibao vya namba ili mashine ipite, wakavirudisha vikiwa vimeruka safu moja. Makaburi ya bei nafuu yote yanafanana, kokoto tupu na kibao. Wachimbaji, wakifuata namba, wakahamishia shimo la pamoja mifupa ya mke wa fundi cherehani mmoja mstaafu, ambaye hajawahi kuchelewa kulipa. Kosa lilipogundulika, meneja akawafunga wote midomo: wakidaiwa fidia moja tu, watafunga lango. Tangu hapo mzee huyo anapalilia kila wiki kaburi la dereva wa lori, chini ya namba ya mkewe.

Asubuhi moja mzee alikuja ofisini na bahasha mbili. Karani alikuwa amepiga moyo konde. Leo angemwambia, liwalo na liwe.

"Mzee wangu, shikamoo. Kaa kwanza, nina neno."

"Marahaba, mwanangu. Niache nimalize langu, nisije nikasahau." Akasukuma bahasha ya kwanza. "Hii ni ya mama watoto, miaka kumi mingine. Na hii, watoto wamenichangia. Nataka nafasi ya pembeni yake."

Katika chumba cha ndani, meneja akakohoa. Karani akafungua mdomo.

"Pembeni bei yake imepanda kidogo," akajisikia akisema.

Alingoja aibu imshike. Haikuja. Moyo ulikuwa umemfa ganzi, mkono ukaandika stakabadhi wenyewe.

"Ulikuwa na neno," mzee akamkumbusha.

"Nilitaka kujua tu, ni upande gani."

Mzee akafikiri, akatabasamu.

"Kulia kwake. Nyumbani nilikuwa nikilala kulia, upande wa mlango. Asiponisikia hapo, alikuwa hapati usingizi."

Karani akaandika: kulia.