Mkono wa Njia ya Manjano

Alhamisi moja asubuhi, mwezi wa Septemba, Irmtraud Sievers alikuwa akipaka duara la rangi ya manjano kwenye gome la mti, pale ambapo lami ya mji wa Brakenstedt inakoma na msitu unaanza. Duara la zamani lilikuwa limeliwa na kuvu. Alipaka kwa mkono wa kulia. Kopo la rangi alikuwa amelifunga kamba na kulining'iniza shingoni, kwa sababu mkono wake wa kushoto ulikuwa umeshikwa na mtoto.

Mtoto mwenyewe hakuonekana. Kilichokuwepo ni mshiko tu: vidole vidogo vya baridi, vyenye unyevunyevu, na kucha zilizotafunwa hadi nyamani. Irmtraud alimaliza duara lake, akaifuta brashi kwenye majani, akaendelea kupanda, na mtoto akaenda naye. Walipofika kwenye lango la hoteli ya Buchenfried, vidole vikaanza kumvuta nyuma kama kawaida, kisha vikamwachia. Irmtraud akalinyoosha bega lake lililochoka, akashuka mjini kununua viazi.

Brakenstedt ina njia tatu za matembezi, na zote ni rahisi. Nyekundu inazunguka ukuta wa kale wa mji. Ya buluu inafuata mto hadi kwenye kinu, ambako siku hizi panauzwa bia. Ya manjano inapanda taratibu kwenye msitu, inapita Buchenfried, kisha inarudi kwa upande wa makaburini. Hata wenye magoti mabovu wanaimudu. Mikono ilianza kuonekana, au tuseme kuhisika, majira ya kuchipua, hoteli ilipobomoa ukuta wa bweni la zamani ili ijenge chumba cha mvuke. Waliotembea wawili wawili hawakuguswa. Aliyetembea peke yake alishikwa mkono kuanzia mwisho wa lami hadi langoni. Mji uliizoea hali hiyo kabla maua ya Mei hayajapukutika. Mjane wa mchinja nyama alisema ni afadhali kuliko kufuga mbwa, maana mtoto wa namna hii halishwi.

Mikono ile ni ya nani, kila mtu aliyevuka miaka sitini alijua, na hakuna aliyeuliza. Zamani Buchenfried ilikuwa nyumba ya watoto wa afya dhaifu. Waliletwa kwa treni kutoka miji ya viwanda na moshi, bila wazazi, wiki sita kila kundi, ili wapate hewa safi na wanenepe. Irmtraud, binti wa mwoka mikate, alikuwa akiwaona wakipita mchana, wamepangwa mstari, wawili wawili, kila mmoja ameshikwa na mwenzake. Watu wa mji waliwapungia mkono. Watoto hawakupunga, kwani mkono mmoja ulikuwa umeshikwa na mwingine ulitakiwa kukaa mfukoni. Mbele yao alitangulia msimamizi, ambaye watoto walimwita Shangazi Elfriede.

Jioni ya siku ile ile aliyopaka rangi, Chama cha Watembeaji kilikutana kwenye chumba cha nyuma cha hoteli ndogo karibu na kanisa. Mwenyekiti, Ottmar Brandes, aliyewahi kuwa na duka la dawa, aliwaonyesha wenzake ubao mpya wa njia ya manjano utakaozinduliwa Jumapili. Ulikuwa na ramani, picha ya kigong'ota, na maneno machache.

"Ingeandikwa basi kwamba palikuwa na nyumba ya watoto," alisema Irmtraud.

"Si imeandikwa hapa? 'Nyumba ya zamani ya mapumziko.'"

"Mapumziko ya nani, Ottmar? Wale watoto walikuwa wakitapika, wanalazimishwa kuyala matapishi yao."

"Nani kasema?"

"Mama yangu alikuwa akipeleka mikate. Aliona kwa macho yake."

"Aliona, halafu akasema nini?"

Mama yake hakuwa amesema kitu. Aliendelea kupeleka mikate.

"Yaliyopita si ndwele," alisema Ottmar kwa upole, akimjazia glasi yake. "Na Shangazi Elfriede bado yu hai, miaka tisini na saba, raia wa heshima wa mji huu. Nimeshamwalika. Unataka mama wa watu akayasome hayo mbele ya kadamnasi?"

"Macho yake hayaoni tena. Hasomi."

"Basi atasomewa," alisema mjane wa mchinja nyama, na watu wakacheka, wakahamia kwenye suala la keki: iwe ya plamu au ya tufaha.

Jumamosi akafika kwa treni mwanamume aliyeitwa Volkmar Pietsch, kutoka Duisburg. Alikuwa amempigia Irmtraud simu, kwa sababu namba ya Irmtraud ndiyo iliyowekwa chini ya ramani kwa yeyote atakayepotea. Alikuwa mzee wa miaka sabini na moja, mkubwa wa mwili, fundi wa kuchomelea vyuma aliyestaafu, na alivaa viatu vipya vya kutembelea ambavyo vilikuwa vikimbana. Irmtraud alimkuta amesimama kituoni na begi dogo la mtoto, la rangi ya samawati.

"Bi Sievers, sitakupotezea muda," alisema. "Jirani yangu wa ghorofa ya juu alikuja huku likizo. Aliporudi tukakutana kwenye ngazi, akaniambia ameshikwa mkono na mtoto huko msituni. Nikamwambia, haya, vizuri. Akasema kale katoto kana chunjua hapa, chini ya dole gumba, na kidole cha mwisho kimepinda kama ndoana."

Akaunyoosha mkono wake wa kulia. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda. Chini ya dole gumba palikuwa na kovu jeupe.

"Daktari aliikata nilipokuwa na miaka kumi na sita," alisema. "Nilikuja hapa nina sita."

"Na begi?"

"Nimemletea sweta. Tunarudi na treni ya saa kumi."

Irmtraud hakuona sababu ya kubisha. Walipita chini ya lango la mji, wakapita nyumba za mbao zilizoinama kwa uzee, wakafika mwisho wa lami. Hapo akamweleza kwamba akifuatana naye hawatashikwa, kwa hiyo Volkmar atangulie, yeye atamfuata kwa mbali. Volkmar akatangulia. Irmtraud alimwona akitembea, mkono wa kulia umelegea kando. Mtoto wa kwanza alimshika, naye akausikiliza mshiko, akatikisa kichwa, akarudi hadi kwenye lami na kuanza upya. Alifanya hivyo mara kadhaa. Wapita njia wawili walimsalimu, wakapita.

Halafu akasimama. Mgongo wake mpana ukainama kidogo, kama mtu anayenong'onezwa siri. Irmtraud alipomfikia, alimkuta anasugua hewa kwa dole gumba, polepole, sehemu moja.

"Ndiye?"

"Ni mimi," alisema Volkmar. "Nina baridi sana."

Alikaa kwenye kisiki, mkono umenyooka pembeni, akamsimulia mambo machache. Walikuwa wanapewa supu ya maziwa yenye utando juu. Asiyeimaliza alibaki mezani mpaka aimalize, hata kama iliingia tumboni ikatoka. Usiku hakuna kwenda chooni. Aliyelowesha kitanda alisimama korido asubuhi, shuka kichwani, na wenzake walipita mbele yake wakiambiwa wacheke.

"Na mimi nilicheka, kwa wengine," alisema. "Ulikuwa huwezi kukaa bila kucheka. Nyumbani mama alinipima, akakuta nimepungua. Akaniuliza kama nilikuwa mtovu wa adabu huko. Nikasema ndiyo."

Irmtraud akamwambia kwamba keki ya plamu hapa mjini ni nzuri.

Volkmar aliinuka, akajaribu kuondoka na mtoto. Hakumvuta. Alizungumza naye kwa sauti ya chini, akamweleza kuhusu treni, kuhusu ghorofa yake, kwamba ina chumba cha pili kisichotumika, kwamba choo kiko mlango wa kushoto na taa yake inawaka usiku kucha. Mtoto alikwenda naye vizuri mpaka kwenye duara jipya la manjano. Hapo aliachia. Volkmar akarudi, mtoto akamshika tena. Wakashuka, akaachia. Treni ya saa kumi ilisikika ikipiga honi bondeni, ikaondoka. Irmtraud akampeleka Volkmar nyumbani kwake, akamtandikia kitanda sebuleni.

"Labda Jumapili," alisema Volkmar. "Kukiwa na watu wengi, hataogopa."

Jumapili watu walikuwa wengi kweli. Bendi ya matarumbeta ilipiga mwisho wa lami, Ottmar akakata utepe, kisha mwalimu mstaafu wa kwaya akapanga watu watembee mmoja mmoja, ili kila mgeni apate nafasi ya kushikwa. Mstari ukapanda msituni, bendi ikipiga mbele, wazee kwa wake zao, kila mmoja na mkono mmoja umetengwa kidogo na mwili. Walizungumza mambo ya bustani na hali ya hewa. Volkmar alikuwa katikati. Alikuwa amempata mtoto wake mapema, na begi la samawati lilikuwa begani.

Shangazi Elfriede alikuja nyuma ya wote kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini, shada la maua juu ya blanketi, akisukumwa na mfanyakazi wa nyumba ya wazee. Kwa kuwa yeye ndiye mgeni wa heshima, Ottmar aliwaomba watu wakae kando ili apite, atangulie mbele.

Magurudumu yalipolia juu ya kokoto, mstari mzima ulisimama. Hakuna aliyeamua kusimama. Mikono yote ilivutwa nyuma kwa wakati mmoja, ikanyooka kuelekea msituni, na watu wazima wakasimama wamepindika mabega kama nguo zilizonaswa kwenye miiba. Mjane wa mchinja nyama alishika mti kwa mkono wake mwingine ili asianguke. Bendi iliacha kupiga, kwani hakuna awezaye kupiga tarumbeta mkono ukiwa nyuma ya mgongo.

Shangazi Elfriede alipita katikati yao. Hakuona kitu, lakini aligeuza uso huku na huku kama anayenusa.

"Wawili wawili," alisema kwa sauti nyembamba, ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Na midomo kimya."

Watu wakanyamaza. Irmtraud naye alinyamaza, ingawa alikuwa amejiandaa tangu usiku kusema neno.

Kiti kilipomfikia Volkmar, Volkmar akatoka kwenye mstari. Mkono wake wa kulia ulibaki nyuma, umevutwa hadi bega likawa juu kuliko lingine, lakini alisogea hatua kwa hatua mpaka akasimama mbele ya magurudumu. Mfanyakazi akasimamisha kiti.

"Shangazi Elfriede," alisema Volkmar. "Mimi ni Volkmar. Wa kitanda cha dirishani."

Bibi akainua uso. Alitabasamu. Lilikuwa tabasamu la mtu mwema, na walioliona walilisimulia baadaye.

"Volkmar," alisema. "Supu yako umeimaliza?"

Volkmar alikuwa na maneno yake. Alikuwa ameyafanyia mazoezi kwenye treni, na Irmtraud alimsikia akiyarudia sebuleni alfajiri. Alifungua mdomo. Upepo ulipita kwenye majani, bibi akangoja, kichwa upande mmoja, bila haraka yoyote.

"Ndiyo, Shangazi," alisema Volkmar.

"Mtoto mzuri."

Pale pale bega la Volkmar likashuka. Mkono wake ulirudi mbele, mwepesi, hauna kitu. Akautazama. Kiti kikaendelea na safari, mikono mingine ikalegea, bendi ikapata pumzi, na watu wakaenda hotelini kula keki. Ilikuwa ya plamu. Volkmar hakula. Alipita njia ya manjano kutoka juu hadi chini na kutoka chini hadi juu, peke yake, mpaka giza likaingia, na hakuna mtoto aliyemshika, si wake wala wa mwingine. Irmtraud alimkuta amekaa kwenye mizizi ya mti wa duara, viatu amevivua.

"Amesikia nilivyojibu," alisema.

"Ni mtoto. Atasahau."

"Hakusahau miaka sitini na mitano, Bi Sievers."

Asubuhi akaondoka. Begi aliliacha kwa Irmtraud, akasema kama mtoto atakubali sweta, basi avalishwe. Irmtraud alijaribu mara moja, mwezi wa Novemba. Mkono wenye chunjua ukaingia vizuri kwenye sweta la sufu, likaning'inia hewani kando yake, likatembea naye mpaka langoni, likadondoka kwenye matope.

Shangazi Elfriede alifariki wakati wa theluji. Makaburini walikuja watu wa manispaa na wa kanisa, na kilabu cha kwaya kikaimba, na waliofika kwa miguu kwa njia ya manjano walishikwa mikono njiani kama siku nyingine. Majira ya kuchipua, mtaa mfupi unaotoka shuleni kwenda kwenye bwawa la kuogelea ulipewa jina lake. Hoteli ilijaa. Ofisi ya wageni ikaomba maneno ya ubao yaboreshwe, chama kikakubaliana bila kupiga kura.

Volkmar alipiga simu kila Alhamisi jioni. Hakuzungumza mengi. Aliuliza kama mkono wenye chunjua ulikuwepo, Irmtraud akamjibu ulikuwepo. Akauliza kama ulikuwa na baridi, akamjibu kidogo.

"Na ubao?" aliuliza siku moja. "Mwishowe wameandika nini?"

Irmtraud alikuwa ameyanakili kwenye ukingo wa gazeti. Akamsomea: "Njia ya manjano. Rahisi, haina mteremko mkali. Inafaa hasa kwa wanaotembea peke yao."

Upande wa pili wa waya televisheni ya jirani ilisikika kwa mbali.

"Hawajadanganya," alisema Volkmar, kisha akauliza kama huko kunanyesha.