Saa Mbili za Sauti ya Chiriku

Mimi ni fundi wa kompyuta, na ujuaji wangu unajulikana mtaa mzima. Mdogo wangu wa kike tulimbandika jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haupumziki. Alipoambiwa ataondolewa koromeo kwa ajili ya saratani, na kwamba sauti haitarudi tena, hakulia. Alikuja kwangu siku moja kabla ya kulazwa.

"Kaka, nirekodi. Mwanangu ana miaka mitatu tu, ataisahau sauti yangu."

Nikasema, hilo tu? Nikanunua maiki ya USB, nzuri kwelikweli. Chumba changu kina mwangwi, kwa hiyo nikasimamisha magodoro pande zote, nikamketisha humo ndani na maiki yake. Nyaya mbili zikapita chini ya godoro: mmoja wa kompyuta mezani kwangu, mwingine wa hedifoni nilizozichomeka kwenye maiki yenyewe.

Nilimsikia mpaka anavyomeza mate. Alimwita mwanawe, akambembeleza alale, akamkaripia kwa kuchezea matope, akampa na maneno ya siku ya harusi yake. Mimi huku namkatiza tu: "Rudia. Unahema sana. Rudia."

Baada ya saa mbili akatoka, jasho linamtiririka.

"Tusikilize kwanza, kaka."

"Unanifundisha kazi? Nimekusikia yote kwa masikio yangu. Nenda kapumzike."

Wiki moja baadaye, yeye bado yuko wodini, koromeo limeshatolewa, ndipo nikafungua faili. Nikasikia feni ya kompyuta ikivuma. Kisha sauti yangu mwenyewe, karibu kabisa: "Rudia." Chiriku alikuwa mnong'ono nyuma ya godoro, hushiki hata neno moja. Maiki niliichomeka, ndiyo, lakini sikuichagua kwenye kompyuta. Kompyuta ikabaki inarekodi kwa maiki yake ndogo ya ndani, iliyokuwa mbele ya mdomo wangu. Hedifoni nazo zilikuwa zinaniletea sauti moja kwa moja, bila kupitia kompyuta. Kosa la mtu anayejifunza. Nililia peke yangu, nikajitukana matusi yote ninayoyajua.

Alirudi nyumbani na tundu shingoni na daftari mkononi. Nikampigia magoti, nikamweleza. Hakunitazama. Akaandika taratibu: "Wewe ulinisikia. Mwambie."

Nikampakata mtoto. Nikajaribu kumwita vile mama yake alivyokuwa akimwita, kwa kuvuta mwisho wa jina, sauti ikanitoka nzito, ya kufokea watu. Mtoto akashuka, akamwendea mama yake, akampapasa midomo.

"Mama, sema wewe."

Mdogo wangu akafumbua mdomo. Hewa ikatokea shingoni.