Siwatu Atoa Mji

Haya kanihadithia mjukuu wangu Siwatu mwenyewe, Jumapili iliyopita asubuhi, tumekaa uani tunamenya muhogo.

Siwatu ana wasiwasi, na si huu wetu wa kupita njia. Udhu wa adhuhuri anauanza, alasiri inamkuta bado anarudia mkono wa kulia. Ngozi imebabuka kwa sabuni. Na mwanawe Ghanima, mwaka wa pili huu, hajambeba tangu arubaini, kwani kuna sauti kichwani inamwambia, wewe mchafu, ukimgusa atakufa. Dawa kameza, ushauri kapewa miaka sita, wapi! Ndipo Dokta Mwakio akamwambia, tutapitisha waya mwembamba kama uzi mpaka ndani ya ubongo, na kibetri chini ya ngozi ya kifua, umeme mdogo uutulize. Siwatu akasema, Nichomekeni hata nguzo nzima, dokta, bora nimbebe mwanangu.

Basi siku ya upasuaji sindano inaingia, Siwatu anatazama taa za dari, na taa ya tatu ni mlango. Anapita. Kuna njia, na njia inazaa njia, na mbele ni mji wa vioo, kila ukuta Siwatu ananawa, na nyuma ya mji huo mji mwingine unautazama, na Siwatu wa huko naye ananawa, na katikati ya njia Ghanima amekaa chini analia abebwe, na kila mama akipiga hatua njia inarefuka. Anasimama mtu hana uso, laini kama yai. Kitendawili, asema. Tega, ajibu Siwatu, maana kwetu humwachi mtu na kitendawili chake. Namwosha hasafiki, nikimwacha hachafuki. Kivuli, asema Siwatu. Una hakika? Basi jiwe. Una hakika? Hana, na kila akikosa hakika anajikuta kwenye kioo cha kwanza, ananawa, anaanza upya, na maji yamefika magotini. Nipe mji basi, nikwambie, asema asiye na uso. Siwezi, asema Siwatu, nikishindwa mwanangu atakufa. Nani kasema? Si wewe! Mimi? Mwanangu, mimi hata mdomo sina.

Hapo sauti ya Dokta Mwakio inashuka kutoka juu, Siwatu, tunajaribu umeme sasa, unajisikiaje? Kitu cha vuguvugu kinapita nyuma ya paji la uso. Swali liko palepale, ila limemwachia koo. Siwatu amgeukia asiye na uso. Chukua mji, asema. Upi? Huu huu, na vioo vyake na mabomba yake. Jawabu silijui. Yule anaukunja mji kama mkeka, anautia kwapani, huyoo anakwenda. Sasa desturi ni kwamba mtegaji akipewa mji hutoa jawabu. Huyu hatoi. We bwana, jawabu! Hageuki. Siwatu anangoja hofu imsukume amkimbilie. Hofu inampapasa, haimsukumi. Anamwacha aende zake, anainama kwa mwanawe, anaamka.

Kaamkia wapi, hajui vizuri. Wodi, kisha nyumbani, kisha miezi ya kwenda kliniki, Dokta Mwakio akiongeza umeme na kupunguza, siku njema na siku mbaya, zote anasema zilimpita kama njia zile zile.

Akaniuliza, Bibi, hivi hapa niko macho au bado naota? Nikamwambia, Mimi nitajuaje? Pengine hata mimi unaniota, na ndoto gani hiyo inayokumenyesha muhogo! Akacheka mpaka kisu kikamponyoka. Ghanima akaja, akampandia mapajani bila kuomba ruhusa. Mikono ya Siwatu ilikuwa na udongo mpaka kwenye viwiko. Akaitazama. Akatazama bomba. Akamkumbatia mtoto kwa udongo wake vile vile, akaanza kumbembeleza. Ghanima alilala kwanza. Punde nikaona na kichwa cha mama yake kimeegemea ukuta, kalala naye.