Jina Lililowekwa Akiba

Theluji ilianguka Rinkeby, pembeni mwa Stockholm, kwa uvivu, kama iliyosahau ilikotumwa. Ndani ya kliniki ya watoto, muuguzi alifungua mlango akaita, "Heshima?"

Hakuna aliyeinuka.

"Wifi, tunaitwa sisi," alinong'ona Arielle, dada wa mume wa Léontine. "Au Heshima ni lile kabati?"

Léontine alisikia. Jina hilo aliliandika kwenye fomu ya serikali tu; nyumbani mwanawe wa miezi kumi na minane aliitwa Mgeni. Ndivyo walivyofanya kwao Kadutu, mtaa wa mabati yaliyobanana kule Bukavu: mtoto hubaki Mgeni mpaka surua impitie na kumwacha. Wa kwanza wawili, Orpha na Zacharie, aliharakisha kuwaita majina. Surua iliwachukua katika juma moja, kana kwamba iliwasikia wakiitwa.

Sasa Orpha na Zacharie walikuwa wameketi kando yake, miguu haifiki chini, wakikohoa taratibu. Hakushtuka. Tangu wazikwe walizoea kumtembelea palipo na joto.

"Jirani yetu Colombe anasema sindano hii ya surua huiba maneno ya mtoto," alisema Léontine. "Anachomwa, ananyamaza moja kwa moja."

"Basi wamchome Colombe, jengo zima lipate usingizi."

Léontine hakucheka. Kimya alikijua, alikuwa amekifunika kitenge mara mbili. Akainuka, mtoto kifuani.

Sindano ilipoingia, Mgeni alipiga yowe moja refu, kisha akanyamaza. Hata walipotoka nje alikaa kimya kwenye kigari, macho yakifuata theluji.

"Surua imeshapita, wifi, tena kwa sekunde moja," alisema Arielle. "Mwite sasa."

"Heshima," aliita Léontine.

Mtoto hakugeuka.

"Heshima!"

Theluji tu. Akasimamisha kigari. "Arielle, wamemnyamazisha!"

"Jina lenyewe hajalivaa hata siku moja! Mpe nafasi aingize mikono."

Léontine akapiga magoti, akamfuta theluji kwenye kope. Nyuma yake kikohozi kilikuwa kimekoma. Ni kama wale wawili nao walisimama, wakisikiliza.

"Heshima."

Mtoto akamtazama, akakunja uso kama mzee aliyekatiziwa usingizi.

"Nej," akakataa, kwa Kiswidi safi.

Léontine akamwita tena, ili tu akataliwe tena.